Viini 30 kwa Kilo Moja ya Unga

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, asalaam aleikum na hamjambo. Mimi niko Torino, Kaka Katana yuko Malindi kama kawaida.

KATANA: Nipo, Dada Zuhura. Zamu yangu ya jikoni inaanza saa kumi, kwa hiyo leo hatuna anasa ya muda. Juzi Jumapili ulikwenda Langhe, vile vilima vya mizabibu vya mkoa wa Piemonte, Italia.

ZUHURA: Nilikwenda. Mkahawa wa familia, kijiji kilicho karibu na Serralunga d'Alba, mizabibu imefika mpaka ukutani. Nimekuja na mambo sita kwa anayekwenda kula kule mara ya kwanza: saa, mpangilio wa chakula, mvinyo, nyama, bili, na trufi, ule uyoga wa chini ya ardhi wenye harufu kali. Tuyafuate hivyo hivyo.

KATANA: Twende.

ZUHURA: Saa. Jiko la mchana hufunguliwa saa sita na nusu, na karibu saa nane halipokei oda tena. Ukifika saa nane na robo utakuta watu bado wanakula, ukidhani kuna nafasi, kumbe jiko limeshafungwa. Jioni, hesabu kuanzia saa moja na nusu. Tena kila mkahawa una siku yake ya kupumzika, mara nyingi Jumanne au Jumatano, kwa hiyo piga simu kwanza. Langhe ni vilima, basi ni machache, na ukikuta mlango umefungwa hakuna mlango wa pili.

KATANA: Hilo limeeleweka.

ZUHURA: La pili, mpangilio. Kwanza antipasti, vitu vidogo vya baridi au vuguvugu. Kisha primo, yaani tambi. Kisha secondo, nyama. Kisha kitamu. Halazimishwi mtu kumaliza ngazi zote, antipasto moja na primo moja zinatosha. Mimi nilikula acciughe al verde, wale samaki wadogo wa chumvi, jamaa wa dagaa, wamelazwa ndani ya rojo la majani ya parsley, kitunguu saumu na mafuta. Baadaye tajarin, zile tambi nyembamba za viini vya mayai, kwa siagi na majani ya salvia...

KATANA: Simama hapo hapo. Tajarin. Wasikilizaji, hiyo j isomeni kama y: tayarin. Viini vingapi?

ZUHURA: Nilijua utauliza. Wao walisema 30 kwa kilo ya unga. Kuna wanaofika 40.

KATANA: Na ute je?

ZUHURA: Ute tutaujia.

KATANA: Hapana, maana ukivunja mayai 30 una karibu kilo nzima ya ute umebaki kwenye bakuli. Lakini sawa, kiini kwanza, kwa sababu watu wananiandikia kwamba kinyunya chao kimekuwa makombo. Kiini karibu nusu yake tu ndiyo maji, kilichobaki ni mafuta na protini. Ute ni maji takriban asilimia 90. Kwa hiyo kinyunya cha viini vitupu kina maji machache mno. Dakika tano za mwanzo kinaonekana kama mchanga, mtu anaogopa, anamimina maji. Hapo kashaharibu. Kinakuwa laini, ukikikata kinashikana, ukichemsha kinakuwa uji.

ZUHURA: Afanye nini basi?

KATANA: Akusanye makombo, ayabane kwa viganja, akifunge kwa nailoni ya chakula, akiache dakika 20. Unga unakunywa unyevu wenyewe. Akirudi, akande dakika kumi kwa kisigino cha mkono, kisha akifunge tena na kukipumzisha saa moja. Kitakuwa kigumu kama kinyunya cha kaimati? La, kaimati ni majimaji. Kigumu kuliko cha chapati, hiyo ndiyo alama. Ukikibonyeza kidole, shimo linabaki.

ZUHURA: Vipimo vya nyumbani?

KATANA: Unga gramu 200, kiini gramu 108. Unapata gramu 300 za kinyunya, primo ya watu watatu. Na nasema gramu, sisemi idadi. Viini 30 vya Italia ni mayai makubwa, kiini kimoja kama gramu 18. Yai la kuku wa kienyeji la huku kwetu ni dogo, kiini gramu 15 au pungufu. Kule gramu 108 ni viini 6, huku ni 7 na zaidi. Mtu anafuata idadi, kinyunya kinamkatalia, halafu analaumu unga. Unga hauna kosa, ngano nyeupe ya kawaida inafaa, mradi usiwe ule uliokwisha kutiwa baking poda.

ZUHURA: Zile za Jumapili zilikuwa za manjano iliyokolea, karibu na manjano ya bizari.

KATANA: Rangi inatoka kwenye chakula cha kuku. Mahindi ya manjano na majani mabichi hutia rangi, mahindi meupe hayatii. Kiini cheupe hakimaanishi yai bovu. Tambi itakuwa ya rangi hafifu, lakini mdomoni ni ile ile.

ZUHURA: Na ile kukata, maana niliona kupitia dirisha la jiko mama mmoja anakata kwa kisu, hatumii mashine.

KATANA: Unasukuma mpaka uone kivuli cha mkono wako ng'ambo. Kisha unaacha shuka lile wazi, dakika 10 hadi 15. Malindi wakati wa kaskazi, pepo kavu, huwa naangalia mapema, dakika 7. Wakati wa masika, nusu saa. Unagusa: likinata, bado; likishikika kama ngozi laini, tayari; likipasuka ukilikunja, umechelewa. Unanyunyiza semolina, unalikunja kama mkeka, unakata milimita 2 au 3. Halafu unazitikisa papo hapo zifunguke. Chungu chenye maji mengi yanayotokota, chumvi, dakika moja, moja na nusu. Siagi iwe imekwisha kuyeyuka pembeni na kijiko cha maji ya tambi, kwa sababu zikishaiva hazikungoji.

ZUHURA: Na ute je? Sasa nauliza mimi.

KATANA: Huko huko Piemonte wana jibu lake, biskuti za brutti ma buoni, yaani vibaya wa sura lakini vitamu. Ute gramu 100, huo ni wa mayai matatu, sukari gramu 180. Unapiga mpaka usimame. Unatia gramu 220 za njugu za nocciola, yaani hazelnut, zilizokaangwa na kukatwakatwa. Huku natumia korosho za Kilifi. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaruka, unarudisha sufuriani moto mdogo, unakoroga mpaka rojo liachane na kingo. Ukiruka hatua hiyo vinatambaa trei nzima. Vijiko vijiko, oveni nyuzi 140, dakika 40.

ZUHURA: Na mkate wa kumimina pia unapenda ute.

KATANA: Unapenda, lakini hauwezi kumaliza kilo. Uliobaki tia kwenye friza, unakaa miezi bila shida. Haya, sasa niambie, na hizo tajarin ulikunywa nini?

ZUHURA: Maji ya gesi. Na ulikuwa mlo kamili.

KATANA: Hapo sikubali, dada yangu. Siagi na kiini vinaacha utando wa mafuta ulimini. Barbera, mvinyo mwekundu wa huko, ina uchachu mwingi na ukakasi mdogo, funda moja linaufagia, tonge linalofuata linakuwa kama la kwanza. Chakula kile kimekua pamoja na mvinyo ule, kilima kile kile. Ukiondoa kimoja unakula nusu.

ZUHURA: Hapana. Uchachu haumo kwenye chupa peke yake. Ndiyo maana nilitanguliza wale samaki wa rojo la kijani, kisha saladi yenye siki katikati, na grissini, vijiti vya mkate mkavu, vya kufuta ulimi. Jiko linalojua kazi yake linampangia mlo mtu asiyekunywa. Lisipoweza, upungufu ni wa jiko.

KATANA: Siki si mvinyo. Na secondo je? Barolo ni mvinyo mwekundu wa zabibu za Nebbiolo tupu, sheria inataka miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya pipa la mti. Ukiinywa peke yake mdomo unakauka kama umeng'ata bibo. Ukiinywa na nyama iliyopikwa taratibu, tanini, zile zinazoleta ukakasi, zinashika protini ya nyama, ukakasi unatulia. Hakuna maji ya gesi yanayofanya hivyo.

ZUHURA: Kwa sababu maji hayana ukakasi wa kutulizwa! Unanipa dawa ya ugonjwa ulioleta mwenyewe. Tena hiyo nyama ya kupikwa taratibu, brasato, imepikwa kwa chupa nzima ya Barolo.

KATANA: Saa tatu jikoni. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linasema baada ya saa mbili na nusu pombe inayobaki ni kama asilimia 5.

ZUHURA: Tano si sifuri, na kwangu hilo halipimwi kwa jedwali. Msikilizaji asiyetumia pombe wala nguruwe, sikiliza: agnolotti del plin, tambi ndogo za kujazwa, mara nyingi ndani yake mna nguruwe pamoja na nyama nyingine, uliza kama wana za jibini. Bunet, ile pudini ya kakao, mara nyingi ina ramu. Keki ya nocciola yenyewe haina pombe, lakini huletwa na zabaione, ambayo ni viini na mvinyo. Sema "senza zabaione". Usione haya kuuliza, wanaulizwa kila siku.

KATANA: Kuuliza sikatai. Nakataa kusema mlo ni ule ule.

ZUHURA: Nami nakataa kusema ni nusu. Nimekaa pale saa mbili na nusu, sikuhisi pengo.

KATANA: Utajuaje pengo la kitu usichokijua?

ZUHURA: Na wewe utajuaje mlo wa asiyekunywa?

KATANA: ...Saa ngapi hapo kwako?

ZUHURA: Dakika nne zimebaki. Tumefika la tatu kati ya sita, na hata hilo hatujalimaliza. Nyama hatujaigusa.

KATANA: Bili basi, haraka.

ZUHURA: Coperto, yuro 2 hadi 4 hivi kwa kila kichwa, ni ya mkate na meza, imeandikwa kwenye menyu. Hujaibiwa. Bakshishi si lazima. Bili hailetwi mpaka uiombe.

KATANA: Na trufi nyeupe, msimu ni vuli mpaka mwanzo wa baridi. Uliza bei ya gramu kabla mhudumu hajaanza kuparuza. Wanaipima mbele yako, kabla na baada, tofauti ndiyo unayolipa. Iwekwe juu ya tajarin za siagi tupu au yai la kukaanga, na isipikwe, moto unaua harufu.

ZUHURA: Yai la kukaanga. Kwa hiyo hapo ute unaliwa.

KATANA: Hapo ndipo pekee! Naitwa jikoni, dada. Ya nyama na ya Barbera tutayarudia Alhamisi.

ZUHURA: Ya Barbera sijakuachia. Kwaherini.