Kuamka kitandani baada ya kufunguliwa kifua

Karibuni tena, wapendwa. Leo ni jambo moja tu: kutoka kitandani ukiwa na mshono katikati ya kifua baada ya upasuaji wa moyo. Aliyezibuliwa mshipa wa moyo kwa mrija wa mkononi au kwenye kinena, maelekezo yake ni mengine.

Chukua mto mdogo, mgumu kiasi. Mimi napenda taulo nene lililokunjwa na kufungwa vizuri, maana halibonyei. Likumbatie kifuani. Ukikohoa, kumbatia. Ukipiga chafya, kumbatia kwa nguvu zaidi.

Sasa nalala chali. Kunja magoti, nyayo zikanyage godoro. Geuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja, kama gogo linavyobingirishwa. Usijipindepinde kiuno.

Hapa, tafadhali, nisikilizeni. Mikono ibaki kifuani. Usisukume godoro kwa kiganja, usivute ukingo wa kitanda, usimpe mtu mkono akuvute. Usiku wa tatu tangu nirudi nyumbani nilikuwa na haraka ya kwenda msalani, nikatupa mkono nyuma nikajisukuma. Kifuani pakalia ‘ko’. Nilikaa gizani nimeshika mshono, naogopa hata kuvuta pumzi. Mfupa wa kidari ulikatwa kwa urefu wake na kufungwa kwa waya za chuma, na hizo waya ndizo zinazoushikilia hadi ushikane. Ngozi hupona mapema, ukadhani umemaliza. Mfupa unataka wiki 6 hadi 8 hivi, wengine hata 12. Mikono kifuani!

Ngoja, shuka limeficha miguu, hamuoni kitu. Nalitoa... haya. Narudia polepole.

Niko ubavu. Nashusha miguu yote miwili nje ya kitanda. Tazama: uzito wa miguu unashuka, kiwiliwili kinainuka chenyewe. Kiwiko cha chini kinaegemea kidogo tu, kimebanwa mbavuni. Kiwiko, si kiganja. Nimekaa.

Usisimame bado. Dawa nyingi za moyo hushusha presha, na kichwa kikizunguka utaanguka juu ya kidonda. Kaa dakika moja, chezesha vifundo vya miguu. Kisha sogea ukingoni, rudisha nyayo nyuma kidogo, inama mbele kutoka kiunoni, mapaja yakuinue. Mikono iko wapi? Kifuani. Ndiyo maana kiti kirefu na kigumu ni bora kuliko sofa la kuzama.

Kurudi kulala, kaa, lala ubavu huku ukipandisha miguu, ndipo ugeuke chali.

Mambo mengine upesi: usinyanyue kinachozidi kilo 4 au 5 mpaka daktari aruhusu, hata mtoto akilia abebwe, mwite akae ubavuni mwako. Pima uzito kila asubuhi ukishakojoa, kabla ya kula, uandike. Ukiongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku, au 2 kwa wiki, piga simu. Piga pia kidari kikilialia au kucheza, mshono ukitoa usaha au maji, au joto likifika 38. Mimi nilipiga asubuhi ile ile, wakanikagua, waya zilikuwa salama. Kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla, usipige kuuliza, ita gari la wagonjwa.

Nazima kamera, saa yangu ya kutembea imefika.