Waigizaji Sita, Maiki Moja: Kurekodi Mchezo wa Sauti kwa Bajeti ya Kubana

NEEMA: Karibuni tena. Mimi Neema, na kaka yangu Seif yupo hapa, leo kaja kanuna.

SEIF: Sijanuna, dada. Nimechoka na swali moja tu. Kila anayetaka kuanzisha mchezo wa sauti ananiuliza, "Kaka, ninunue maiki gani?" Ukimuuliza unarekodia wapi, anasema sebuleni. Vigae chini, jipsamu juu, kuta tupu. Hapo hata upewe maiki ya bei ya kiwanja, utarekodi mwangwi tu.

NEEMA: Mwangwi wa daraja la kwanza! (anacheka)

SEIF: Sasa je? Anza na chumba. Hamieni chumba cha kulala, kina kitanda, kina nguo, vyote vinameza sauti. Godoro la pili lisimamishe ukutani. Mablanketi mazito yatundike nyuma ya mwigizaji.

NEEMA: Nyuma ya mwigizaji, si nyuma ya maiki?

SEIF: Nyuma ya mwigizaji. Hizi maiki za kawaida za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, mgongoni hazisikii sana. Kwa hiyo maiki inamwangalia mwigizaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Huo ukuta ndio wa kufunika kwanza.

NEEMA: Mimi nilidhani hata khanga mbili tatu zinatosha.

SEIF: Khanga nyepesi mno. Itapunguza vile vikelele vyembamba vya juu, lakini sauti nzito ya mwanamume itaipita kama haipo.

NEEMA: Haya, na kelele za nje? Maana Dar hii, jirani ana sabufa, bodaboda inapita dirishani, jogoo naye hajui saa.

SEIF: Adhana angalau ina ratiba, unaipangia. Sabufa ya jirani ni ya kwenda kuombwa kwa adabu, na soda mkononi. Ndani ya nyumba unazima feni, unazima friji. Na ukizima friji, weka funguo zako za nyumba humo humo ndani.

NEEMA: Kwenye friji?

SEIF: Ili usiondoke bila kuiwasha. Utazitafuta funguo, utaikumbuka na nyama ya mwenye nyumba.

NEEMA: Aisee, hiyo naichukua. Lakini watu sita chumba kimoja, madirisha yamefungwa, feni imezimwa...

SEIF: Ndiyo maana mnarekodi usiku, vipande vifupi, mnatoka kupunga upepo. Na kabla hamjatoka, kila mtu anyamaze nusu dakika huku unarekodi. Ule ukimya wa chumba utauhitaji kwenye kuhariri. Ukikata kikohozi cha mtu ukaacha pengo tupu kabisa, msikilizaji anashtuka, anadhani simu yake imezima.

NEEMA: Sasa tuje kwenye ugomvi wetu. Mimi nasema maiki moja, watu wote waizunguke. Wewe unataka kila mtu na maiki yake.

SEIF: Nataka, kwa sababu ninayehariri ni mimi! Watu wakirekodiwa pamoja, mmoja akikosea, kosa lake limeingia kwenye sauti ya mwenzake. Siwezi kulitoa.

NEEMA: Basi warudie. Kurudia ni bure. Sikiliza, kaka: chukua tukio la mume na mke wanagombana kuhusu kodi ya nyumba. Mke anasema, "Pesa ya kodi iko wapi?" Mume anaanza, "Si nilikwambia..." Kabla hajamaliza, mke kamdakia, "Hujaniambia kitu!" Ule mdakio hauwezi kuutengeneza kwenye kompyuta. Kila mtu akirekodi peke yake, wote wanangojeana kistaarabu. Mwanamke gani anagombania kodi kistaarabu?

SEIF: (anacheka) Hapo umenishika kidogo.

NEEMA: Na umbali unaupata bure. Anayenong'ona anasogea, shubiri moja na maiki, pembeni kidogo ili zile "p" na "b" zisipige puu. Anayeita kutoka uani anarudi hatua tatu na kugeuza uso. Msikilizaji anaiona nyumba.

SEIF: Sawa, lakini anayepiga kelele naye arudi nyuma, asipasue sauti. Mimi napima kwa ile kelele kubwa kuliko zote kwanza, naiweka kwenye kama desibeli hasi 12 kwenye kipimo cha sauti, ndipo tunaanza. Wengi wanapima kwa mtu anayesema "moja mbili, moja mbili" kwa upole, halafu mke akianza kugomba, kwisha.

NEEMA: Na yule mwigizaji aliye Mwanza?

SEIF: Huyo ajirekodi kwa simu, chini ya blanketi, na mtu wa kumsomea upande wa pili akimsikia kwa earphone. Ila faili alitume kama dokumenti. Asinitumie noti ya sauti ya WhatsApp, inabanwa mno, kila "s" inakuwa kama mtu anakaanga.

NEEMA: Umetaja kukaanga! Vitunguu kwenye mafuta ya moto, ukirekodi kwa karibu, ni mvua kabisa. Mchele mkavu ukimwagwa taratibu kwenye sinia, mvua ya mabati. Jozi ya glavu ukizipigapiga, njiwa anaruka.

SEIF: Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ni ya bure, inapanga yote hayo. Lakini mimi nasema ubanaji wa bajeti unaanza kwa mwandishi. Mwaka 1924 BBC walirusha mchezo wa Richard Hughes, watu wamekwama kwenye mgodi wa makaa, taa zimezimika. Giza! Msikilizaji na wahusika wote hawaoni.

NEEMA: Na sauti chache. Ukiandika wahusika 14 na wasichana watano wa umri mmoja, nani atawatofautisha? Enzi za mchezo wa redio wa Twende na Wakati, Radio Tanzania, kuanzia 1993, Mkwaju dereva wa lori ulimjua akifungua mdomo tu. Chagua sauti zinazopishana: mzito, mkwaruzo, mwenye haraka.

SEIF: Kuhusu malipo?

NEEMA: Nauli na chakula, hilo halina mjadala, hata kama wote ni marafiki. Hasa nauli ya kurudi usiku. Na karatasi moja iandikwe kabla ya kurekodi: mchezo ukiingiza pesa, nani anapata nini.

SEIF: Watu wanaona aibu kuandikiana na marafiki.

NEEMA: Waone tu. Aibu ya dakika tano. Wiki ijayo tunamleta fundi wa muziki, maana kuna watu bado wanaweka wimbo wa Bongo Fleva chini ya tukio bila kumuuliza mwenyewe.

SEIF: Na hapo nitanuna kweli.