Andika kisa mpaka tope lifike kijijini

(Mhadhara wa ufunguzi wa mafunzo ya siku mbili kwa wasimamizi wa mabwawa ya topesumu, yaani tope la mabaki linaloachwa na migodi, Mwanza)

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimepitia orodha ya waliojiandikisha. Wapo wahandisi wa jioteknikia (uhandisi wa udongo na miamba), maofisa mazingira, wakaguzi, na wenzetu watatu walioandika kwenye nafasi ya cheo: mwendesha pampu. Hao watatu naomba wahamie meza za mbele. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Tuanze na hii ndoo. Ndani yake kuna mchanga laini wa ziwani, nimeumimina polepole bila kuushindilia, kisha nikaulowesha mpaka maji yakakaribia juu. Juu yake nimelaza tofali la kuchoma. Ndugu wa meza ya pili, njoo uliguse. Limetulia, siyo? Sasa ipige ndoo ubavuni kwa ngumi, mara moja tu.

Mmeona. Tofali limezama upande mmoja na maji yamepanda juu ya mchanga. Hatukuongeza mchanga wala maji. Chembe za mchanga zilikuwa zimeegemeana kwa ulegevu, na kuegemeana huko ndiko kulikobeba tofali. Ulipopiga, chembe zilitaka kusogeleana, maji yaliyo katikati yakakosa pa kukimbilia, mzigo wote ukaangukia maji. Maji hayashikani. Kwa nukta chache mchanga ule ulikuwa uji.

Ndani ya bwawa la topesumu kuna kitu cha namna hii, mamilioni ya meta za ujazo, na wakati mwingine hakihitaji hata hiyo ngumi.

Brumadinho, jimbo la Minas Gerais, Brazili, ndiyo sababu kubwa ya wengi wetu kufanya kazi hii tofauti na zamani. Bwawa namba moja la mgodi wa chuma wa Córrego do Feijão lilianza kujengwa mwaka 1976. Lilipandishwa kwa awamu hadi kimo cha mita 86, kila awamu tuta jipya likiegemea kwa sehemu tope la awamu iliyotangulia. Kumwaga tope kulisimamishwa mwaka 2016. Kwa hiyo lilikuwa bwawa lililostaafu, limeota nyasi, na lina cheti kinachosema liko imara. Tarehe 25 Januari 2019, saa sita na dakika ishirini na nane mchana, uso wote wa bwawa uliporomoka kwa muda usiofika sekunde kumi. Bwalo la chakula na ofisi za mgodi zilikuwa chini yake, na ilikuwa saa ya chakula. Walikufa watu 270. King'ora hakikulia.

Jopo la wataalamu lililochunguza lilitoa ripoti yake Desemba mwaka huohuo. Lilieleza mteremko mkali, maji mengi yaliyobaki ndani kwa kukosa njia nzuri za kutokea, tope zito lenye chuma kingi lililoshikamana kwa namna inayovunjika ghafla, na mvua kubwa iliyolegeza sehemu ya juu. Lakini jambo lililoninyima usingizi nilipolisoma ni lingine. Lile bwawa lilikuwa na vipimo, na droni ilikuwa imepita juu yake siku saba kabla. Wachunguzi walirudia data yote, na hawakuona dalili ya wazi ya tuta kusogea kabla ya kuanguka.

Fikirini maana yake kwetu. Tumezoea kujibu, "Tunafuatilia, likianza kusogea tutaliona." Kuna mabwawa ambayo hayatakuonyesha. Huwezi kungojea vipimo vikwambie namna litakavyovunjika. Inabidi ukae chini, kabla ya mvua, uwaze lenyewe litavunjikaje, ndipo ujue upime nini, wapi, na je, kupima kunatosha au unatakiwa kulijenga upya.

Kazi hiyo ndiyo tunayoiita hapa uchambuzi wa njia za kuvunjika. Imekomaa zaidi Marekani kwenye mabwawa ya umeme na ya umwagiliaji, na sasa imeingia migodini. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mabwawa haya, kilichotolewa Agosti 2020 kikiwa na kanuni 15 na matakwa 77, kinakutaka uwe nayo. Kwa bahati mbaya, kitu kikishatakiwa na kiwango, hugeuka fomu.

Nimezisoma fomu nyingi sana. Mstari wa kwanza huwa hivi: "Mteremko kukosa uthabiti. Uwezekano: mdogo. Athari: kubwa. Udhibiti: ukaguzi wa mara kwa mara." Kisha kisanduku kinapakwa rangi ya njano. Ndugu zangu, hapo hakuna aliyechambua chochote. Mteremko upi? Ukose uthabiti kwa sababu gani, kuanzia wapi, siku ya namna gani? Anayekagua anatafuta nini akifika pale?

Ninachowaomba kwa siku hizi mbili ni muandike kisa. Kianze na jambo la kawaida kabisa, kiende hatua kwa hatua, na kisiishie kwenye tuta. Kiende mpaka tope lifike mahali penye watu. Sikilizeni mfano, nimeutunga mwenyewe.

"Masika yamekaza kwa wiki tatu. Pampu ya kurudisha maji kiwandani imeharibika, kipuri kinasubiriwa. Dimbwi linatanuka na kusogea upande wa kaskazini, ufuko wa tope kati ya maji na tuta unabaki mita chache. Maji yanapenya ndani ya tuta na kukuta tabaka la udongo wa shambani ambalo halikuondolewa siku za ujenzi. Mfereji wa mchujo umeziba. Maji yanatokea kwenye kitako cha tuta, mahali penye majani marefu, na yanatoka na chembe za udongo. Shimo linajichimba kurudi nyuma kuelekea dimbwini. Usiku wa manane linafika. Tuta linazama juu ya shimo, maji yanapita, tope linafuata. Korongo linalipeleka hadi kwenye visima na nyumba za kwanza, kilomita moja na nusu, watu wamelala."

Sasa kila sentensi hapo ina kitasa chake. Pampu ya akiba ipo? Dimbwi likisogea nani ana mamlaka ya kusimamisha kiwanda, na saa tisa usiku anapatikana kwa simu ipi? Yale majani marefu nani anayafyeka? Mfereji uliziba lini, na tungejuaje? Ukilinganisha na ile fomu ya njano, utaona kwamba kisa kinakupa kazi za kufanya kesho asubuhi.

Na hapa ndipo ninapowahitaji wenzetu wa pampu. Nikiwa mhandisi mchanga kwenye mgodi mmoja, nilikuwa nasoma piezomita, vifaa vya kupima shinikizo la maji ndani ya tuta, kila Jumatatu. Ya saba ilinipa namba ileile kwa miezi minne, nami nikaandika "hali shwari". Jioni moja mzee aliyekuwa akiendesha pampu ya kitakoni aliniita. "Injinia, mwanangu, njoo uone haya maji. Mwaka jana yalikuwa meupe kama ya kunywa. Leo yana rangi ya chai ya maziwa." Aliyakinga kwenye chupa ya soda na kuiweka juu ya jiwe. Tulipomaliza kuongea kulikuwa na tabaka la udongo chini ya chupa, unene wa kidole. Piezomita ya saba ilikuwa imeziba tangu mwanzo wa kiangazi. Namba haikubadilika kwa sababu kifaa kilikuwa kimekufa. Tulijaza changarawe na kokoto za mchujo pale kitakoni usiku uleule, tukashusha dimbwi, na tuta likasimama. Niliwahi kumuuliza mzee kwa nini hakusema mapema. Akanijibu kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nawapa visa viwili vya kweli, vya bara letu, mvifanyie mazoezi jioni.

Merriespruit, Afrika Kusini, 22 Februari 1994. Bwawa la mgodi wa dhahabu, nyumba ziko jirani kabisa. Jioni ilinyesha mvua ya takriban milimita 50 kwa kama nusu saa. Mvua hiyo tunaifahamu hata hapa Kanda ya Ziwa, siyo ya ajabu. Lakini dimbwi lilikuwa limehama kutoka kwenye mnara wa kutolea maji na kukaa upande wa tuta, na nafasi kati ya maji na kingo ilikuwa ndogo mno. Maji yakapita juu, yakakata uso wa tuta, tope lililofunguka likatiririka. Watu 17 walikufa. Nawaomba mrudi nyuma kutoka usiku ule: dimbwi lilianza kuhama lini, na kila siku iliyofuata nani alipita pale akaliona?

Cha pili ni Mufulira, Zambia, 25 Septemba 1970. Hapa tope halikuelekea nje hata kidogo. Lilizama. Bwawa lilikuwa juu ya machimbo ya chini ya ardhi, ardhi ikafunguka, tope likamwagika juu ya zamu iliyokuwa kazini. Walikufa wachimbaji 89. Nakitaja kwa sababu macho yetu yamezoea kutazama tuta la mbele. Mnapochora bwawa lenu mchore na kilicho chini yake: shafti za zamani, mashimo ya wachimbaji wadogo, vijito vilivyofukiwa.

Na msidhani meza ya wataalamu haikosei. Februari 2017, Oroville, California, bwawa la maji refu kuliko yote Marekani, njia yake ya kumwagia maji ilivunjika na watu wapatao 188,000 wakaamriwa kuhama. Uchambuzi wa aina hii ulikuwa umefanyika pale zaidi ya mara moja, na tume huru ikasema haukuitambua hatari hiyo ipasavyo. Zege lilikuwa limekaa juu ya mwamba dhaifu, na michoro na kumbukumbu za ujenzi zilikuwepo. Ndiyo maana nimewaambia mje na makaratasi ya zamani, yenye vumbi, yaliyoandikwa kwa mkono. Ripoti ya mwaka jana huwa imenakili ya mwaka juzi.

Hapa nyumbani tunalo la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilaya ya Kishapu, Novemba 7, 2022. Tuta lilipasuka, majitope yakaingia vijiji vya jirani, yakafunika mashamba na kuharibu makazi. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Baadhi yenu mlikuwepo kwenye kazi ya baada ya pale, mnajua kuliko mimi shamba lililofunikwa tope maana yake nini kwa familia inayolitegemea. Kesho mchana nitawaachia nafasi mseme.

Sasa tufanye kazi. Kila meza ina ramani ya bwawa moja lisilo na jina, kumbukumbu za mvua, na picha nane. Mna saa moja na nusu kuandika kisa kimoja tu, kizima, kuanzia jambo la kawaida hadi nyumba ya kwanza. Msitoe alama wala rangi kwanza. Anayeendesha pampu ndiye anayeanza kusema, na mhandisi ndiye anayeshika kalamu.