Bastola Ipimwe kwa Mkono

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu na kaka zangu wa maghala ya korosho, hamjambo?

Waliotoka Newala wanajua: mchonga vinyago haazimi tezo ya mwenzake. Mpini kaukata mwenyewe, kaushika, kaupunguza, mpaka vidole vikaukubali. Lakini mwenye mkono mdogo akitaka bastola hupewa iliyopo, au iliyo ndogo kuliko zote, eti ndiyo ya kike. Kosa hilo ndilo lililonileta Mtwara leo.

Mimi nilijifunzia Beretta 92. Ni bastola nzuri, jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1985. Magazini yake, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kishikioni, inabeba risasi 15 zilizopangwa safu mbili, na kwa hiyo kishikio ni kinene. Triga, kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole, nayo iko mbali, hasa kwenye mvuto wa kwanza. Kidole changu kilifika kwa ncha tu, kwenye ukucha. Ili nifike, nikawa naizungusha bastola kiganjani, nyuma ya kishikio ikakaa juu ya kifundo cha dole gumba. Risasi zote kushoto. Jioni dole gumba limevimba. Mkufunzi akasema naogopa mlio, na neno hilo nililibeba miaka. Sikuwa naogopa. Nilikuwa sifiki.

Basi tupime. Kwanza elekeza mtutu mahali salama, toa magazini, vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, tazama kwa macho chemba, tundu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, kisha ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Mtutu ubaki palepale. Sasa shika juu kabisa, lile pengo la dole gumba na kidole cha shahada likae chini ya slaidi, na mtutu unyooke na mfupa wa mkono wako wa mbele. Usiizungushe. Ukiwa hivyo, weka kidole kwenye triga. Nyama laini ya pingili ya kwanza ikikaa katikati ya triga, mmepatana. Ikifika ncha tu, iache, hata kama ni zawadi.

Sasa hii ndogo inayopendwa. Glock 43 ikiwa tupu ina kama gramu 460. Glock 17, iliyo kubwa zaidi, inapita gramu 600. Risasi ni ileile ya milimita 9. Nguvu ileile ikisukuma chuma chepesi, mkono ndio unaopokea teke. Tena kishikio ni kifupi, kidole kidogo cha mwisho kinaning'inia hewani. Nimeona dada akipiga mara tano, ya sita amefumba macho kabla ya kufyatua. Bastola nyembamba ni jambo jema, fupi kupindukia ni jambo jingine. Kwa mikono mingi ninayoiona, ningeanza na Glock 43X: wembamba uleule, ila kishikio kirefu zaidi, vidole vyote vinapata mahali. Au zile Glock za kizazi cha nne, za kuanzia 2010, ambazo mgongo wa kishikio unabadilishwa.

Bastola ya silinda, ile yenye kipipa cha risasi kinachozunguka, wengi huniuliza. Kishikio chake huwa kidogo, kweli, lakini mvuto wa triga mara nyingi unapita kilo 4, wakati Glock ni kama kilo 2 na nusu. Kidole chembamba kitatetemeka.

Na anayeshindwa kuvuta slaidi, asiibane kwa vidole viwili kama anayechuna ganda la korosho. Ifunike kwa kiganja kizima, ivute karibu na kifua, kisha mkono ulioshika kishikio usukume mbele kwa nguvu huku kile kiganja kikirudi nyuma. Mabega ndiyo yafanye kazi. Nimewaona bibi wa miaka 60 wakiweza.

Leseni ni ya polisi, kwa sheria ya silaha ya 2015, na nyumbani bastola ifungiwe mbali na watoto. Hayo mmeshayasikia kwa maofisa.

Mezani kuna tatu, zote tupu, nimezikagua, na kila mmoja atakagua tena mwenyewe. Njooni mmoja mmoja. Wenye mikono midogo watangulie.