Jinsi ya Kuhifadhi Maisha ya Mama Aliyehamia Ugenini: Sanduku, Albamu na Kaseti

Karibu, ndugu mtazamaji. Mezani hapa pana sanduku la marehemu mama yangu, lile lile alilofika nalo ugenini akiwa msichana, na ambalo halikuondoka chini ya kitanda chake hata alipokuwa na makabati ya kutosha. Leo nitakuonyesha namna ninavyoyatoa yaliyomo na kuyapanga katika kitabu kimoja cha maisha yake. Wajukuu wake walimkuta akiwa bibi wa miwani mizito na sindano mkononi, nami nataka wamfahamu pia yule kijana aliyepanda meli akiwa na tiketi ya kwenda tu.

Osha mikono na uikaushe, futa meza, weka vinywaji mbali. Ukiona kaseti ndani ya sanduku lako, usiiguse bado, na wala usiiweke kwenye redio ili kusikiliza kidogo tu. Tutaifikia, na nitakueleza kwa nini nasisitiza.

Kwanza piga picha sanduku likiwa wazi, kabla hujatoa hata karatasi moja, kwa sababu jinsi vitu vilivyopangwa ni sehemu ya habari zake. Mama aliziweka stakabadhi za fedha alizokuwa akiwatumia wazazi wake katika bahasha moja na cheti changu cha kuzaliwa. Hakuwahi kunieleza sababu, lakini laiti ningalizitenganisha bila kupiga picha, hata swali hilo nisingekuwa nalo. Hebu nisogeze kamera uone tofauti: stakabadhi hizi za miaka ya mwanzo, zilizoandikwa kwa mkono kupitia karatasi ya kaboni, bado zinasomeka vizuri, ilhali hizi za mwishoni, zilizochapwa kwa joto kwenye karatasi laini, zimekuwa nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Karatasi ya namna hiyo hufifia yenyewe hata ikiwekwa gizani. Kama unazo, zipige picha leo, hata kama kazi nyingine zote utaziahirisha.

Sasa albamu. Hii ni ya zile zenye kurasa za gundi zilizofunikwa kwa plastiki angavu, na kwa maoni yangu hakuna kitu kilichouzwa kwa jina la kuhifadhi picha kilichoziharibu kuliko albamu hizi, kwa kuwa gundi yake hukauka, hugeuka manjano na kuing'ang'ania picha. Pitisha ukurasa mzima kwenye skana kwanza, picha zikiwa bado mahali pake, kwa kiwango cha nukta 600 kwa inchi, na uhifadhi faili katika muundo wa TIFF, ambao haupunguzi ubora wa picha kila unapohifadhiwa upya. Baada ya hapo chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, uingize chini ya kona ya picha, kisha uvute huku na huku taratibu, kana kwamba unakata kipande cha sabuni.

Samahani, naona taa inamulika juu ya picha na huoni chochote. Subiri niigeuze. Hapo sasa.

Huyu ni mama, katika majira yake ya baridi ya kwanza. Koti si lake: mikono yake inafika kwenye ncha za vidole, na kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi wa rangi tofauti na vingine. Kifungo hicho ndicho kilichonifanya niamini kwamba tayari alikuwa ameanza kazi ya ushonaji wakati picha inapigwa, kwa sababu hakuweza kuvumilia kifungo kilicholegea, hata katika nguo ya kuazima. Picha ikikataa kutoka, iache. Kona iliyochanika hairudi, na nakala ya skana tayari unayo.

Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini, karibu na ukingo, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hujitokeza upande wa mbele baada ya miaka. Picha nyingi za rangi zimetengenezwa kwa karatasi yenye utando wa plastiki ambao haushiki penseli, kwa hiyo za namna hiyo andikia bahasha yake kabla ya kuitia picha ndani. Na andika jina alilokuwa akiitwa mtu huyo, pamoja na uhusiano wake na mama. Neno "shangazi" peke yake halitamsaidia kitukuu, maana atajiuliza ni shangazi wa nani.

Tukija kwenye hati, jiandae kukuta mama yako akiwa watu wawili au watatu. Wahamiaji na wakimbizi wengi waliofika bila cheti cha kuzaliwa waliandikwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, na mama ni mmoja wao. Kila mwaka mpya tulimwimbia wimbo wa kuzaliwa, naye alipiga makofi kwa adabu kama mgeni katika sherehe ya mtu mwingine. Yeye alichojua ni kwamba alizaliwa mwaka ambao kaka yake alianza kutembea. Katika kitabu nimeandika yote mawili, tarehe ya serikali na maelezo yake mwenyewe, na nakushauri ufanye vivyo hivyo, usichague.

Majina nayo yana visa vyake. Huko Marekani familia nyingi husimulia kwamba jina la bibi yao lilibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, kituo kilichopokea wahamiaji kuanzia mwaka 1892 hadi 1954. Lakini orodha za abiria ziliandikwa na makampuni ya meli huko huko walikoondokea, na wakaguzi walikuwa wakizihakiki tu; wengi walibadilisha majina baadaye kwa hiari yao, ili kupata kazi au kuwapunguzia watoto usumbufu shuleni. Nalisema hili kwa sababu mama alipunguza herufi mbili katika jina lake, na kwa muda mrefu niliwalaumu watu ambao hawakuhusika. Sahihi yake iko hapa, kwenye pasipoti ya kwanza, kisha hapa, kwenye barua ya kuomba kazi. Herufi mbili zimetoweka, lakini ule mkia mrefu wa mwisho ameubakiza.

Sasa kaseti. Familia nyingi zilizotengana na bahari zilitumiana kaseti badala ya barua, hasa pale ambapo mmoja wao hakujua kusoma, na hii mama alimrekodia bibi yangu. Nakuomba usimame hapa. Kabla ya kuiweka popote, tazama ukingo wa juu, ule usio na utepe: kila pembe ina kijino kidogo cha plastiki. Vijino hivyo vikiwepo, mashine inaweza kurekodi juu ya kilichomo. Vivunje vyote viwili kwa ncha ya bisibisi ndogo, ukisukuma kuelekea nje ili kipande kisidumbukie ndani ya kaseti. Ukishavivunja, kitufe cha kurekodi hakitakubali kushuka.

Narudia: vunja vijino kwanza, kisha ndipo uweke kaseti. Mimi sikuvivunja. Nilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikaona utepe unazunguka, nikasubiri sauti ya mama, na kwa sekunde 11 hakuna kilichosikika, kwa sababu mashine ilikuwa inanirekodi mimi.

Vijino vyangu sasa vimevunjwa, na hata hivyo nimeangalia tena. Kama utepe umelegea, ukaze kwa kuzungusha gurudumu la kaseti kwa kalamu yenye pembe sita. Kaseti ya dakika 60 au 90 haina matata, lakini ya dakika 120 ina utepe mwembamba unaovutika na kujikunja, hivyo usiipeleke mbele na kuirudisha nyuma kwa kasi bila sababu. Unganisha tundu la vipokea sauti la redio na kompyuta kwa waya. Usitegeshe simu mbele ya spika, labda kama unataka kuhifadhi na kelele za jirani. Programu ya Audacity hutolewa bure na inatosha kabisa. Nakala kuu ihifadhi katika muundo wa WAV, kisha tengeneza nyepesi ya MP3 ya kuwatumia ndugu. Na vijino, je, umeshavivunja?

Kuna mlio wa kukwaruza, nadhani mnausikia. Ni kichwa cha kusomea utepe. Nakifuta kwa pamba yenye spiriti, nasubiri kikauke, na tunaendelea.

Mjukuu wake amekaa hapa pembeni, nje ya kamera, na ndiye atakayebonyeza kitufe, maana mimi sijiamini tena. Sikiliza. Huyo ni mama akimsimulia mama yake jinsi alivyoshuka melini, jinsi mlango wa nyumba ya kwanza ulivyokuwa wa kijani na kengele yake haikulia, na jinsi mwanamke asiyemjua alivyomfungulia na kumpa kitanda chake mwenyewe. "Jina lake," anasema mama, na hapo inaingia sauti yangu ikiuliza, "Hii kitu inafanya kazi kweli?" Kisha ni ukimya, na mama anarudi akizungumzia hali ya hewa.

Mjukuu ameuliza kama tunaweza kuirudisha. Nimemwambia hapana. Katika kitabu, baada ya maneno "Usiku wa kwanza alilala kwa", nimeacha nafasi ya jina moja, na wiki ijayo nitawapelekea nakala rafiki zake wawili walio hai, niwaulize kuhusu mlango wa kijani. Sasa nageuza upande wa pili.