Kiumbe Kifudifudi: Mbili kwa Mbili Wenye Ushungi

Habari za mchana. Wa nyuma mnanisikia? Kama hamnisikii sogeeni mbele, maana leo naonyesha kwa mkono, na kadi zenyewe ni ndogo.

Haya. Naweka hii mezani, kifudifudi. Nimelaza ubavu kadi tatu za ardhi, kila moja imenipa mana moja, ndiyo sarafu ya mchezo huu; nimelipa mana tatu, nimenyamaza. Kaka wa shati la kijani, ni nani huyu? Hujui. Unachojua ni kwamba ni kiumbe, nguvu mbili na uimara mbili, hana jina wala rangi. Yanayobaki yote unayajaza wewe mwenyewe, kwa hofu yako.

Kwenye Magic: The Gathering, mchezo wetu wa kadi, utaratibu huu unaitwa disguise. Mimi nitauita ushungi, kwa sababu ushungi unaficha sura lakini haufichi kwamba ndani kuna mtu. Uliingia na toleo la Murders at Karlov Manor, Februari 2024, hadithi ya mauaji na upelelezi katika jiji la Ravnica, ambako kila anayepita ni mshukiwa. Kwa hiyo kiumbe asiyejulikana alikuwa na kazi ya kufanya mle.

Kanuni yake ni fupi. Kadi yenye ushungi unaweza kuicheza chali kwa bei yake ya kawaida, au kifudifudi kwa mana tatu. Ukiilaza kifudifudi, unaifunua baadaye kwa bei ya pili iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe. Unafunua wakati wowote ambapo ni zamu yako ya kutenda au kujibu, hata katikati ya vita, hata kwenye mzunguko wa mpinzani. Na hapa ndipo wageni wanapokwama: kufunua hakuingii kwenye foleni ya kusubiri majibu. Mpinzani hawezi kusema "ngoja kwanza." Ukishalipa, umeshageuza. Anachoweza kujibu ni lile tukio linalozaliwa na kufunuliwa, kama lipo, si kufunuliwa kwenyewe.

Wazee wa mchezo watasema, hii tunaijua. Kweli. Mwaka 2002 lilitoka toleo la Onslaught likiwa na morph, yaani ushungi huu huu ila bila kinga, kinga nitaifikia. Asili yake inanifurahisha. Kulikuwa na kadi mbili za mwaka wa kwanza wa mchezo, 1993, Illusionary Mask na Camouflage, zenye maandishi yaliyowatesa watu wa kanuni: kiumbe aliyefichwa ni kitu gani hasa, na ana nini mpaka afunuliwe? Katika kuhangaika kuzitafutia kadi hizo kanuni inayoeleweka, wakajikuta wameokota utaratibu mzima mpya. Walikuwa wanaziba pakacha, wakasuka kikapu.

Malkia wa zama zile alikuwa Exalted Angel. Ukimcheza chali ni mana sita. Ukimlaza kifudifudi mzunguko wa tatu kwa mana tatu, wa nne unamfunua kwa nne. Hesabuni: saba badala ya sita. Umelipa zaidi, lakini umelipa kwa mafungu, na mzigo umeuchukua mapema. Mzunguko wa nne una malaika wa nne kwa tano anayeruka, na kila anapojeruhi, wewe unaongezewa uhai kiasi hicho hicho. Basi katika miaka ile mtu wa mana nyeupe akilaza kadi kifudifudi, mezani panakuwa kimya. Pengine chini yake kuna kiumbe dhaifu asiye na maana. Kimya kinakuwepo vilevile, na hicho kimya ndicho alichokilipia.

Sasa kinga. Ndiyo jipya lenyewe, na ndiyo sababu niliyokubali kuja kuongea leo.

Ugonjwa wa morph ulikuwa hesabu. Mimi nalipa tatu kwa kiumbe wa mbili kwa mbili. Wewe una Shock, mana moja nyekundu, madhara mawili. Unanichoma kiumbe kabla sijapata ardhi za kumfunua. Umetoa moja, mimi nimepoteza tatu, na lile fumbo langu limekufa bila mtu kulifumbua. Hukuhitaji kuwaza wala kubahatisha. Umechoma tu.

Kiumbe wa ushungi anapolala kifudifudi ana kinga ya mbili: mpinzani akimlenga kwa uganga au uwezo wowote, alipe mana mbili za ziada, la sivyo jambo lake linafutika. Rudini kwenye Shock. Moja, jumlisha mbili. Tatu! Kile kile nilichotoa mimi kumleta. Mizani imekaa sawa. Sijui kama waliotunga walianza na hesabu hiyo au waliifikia kwa kujaribu, lakini kwangu namba hii mbili ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika toleo lile. Ingekuwa moja, ugonjwa ungebaki. Ingekuwa tatu, hakuna ambaye angethubutu kumgusa kiumbe wa kifudifudi, na mchezo ungelala usingizi.

Tuone kwa karibu. Naifunua hii niliyoilaza: ni Dog Walker, mtembeza mbwa. Chali ana nguvu tatu na uimara mmoja, na bei yake ya kufunuliwa ni mana mbili, kila moja nyekundu au nyeupe, upendavyo. Akifunuliwa wanakuja mbwa wawili, mmoja kwa mmoja, wakiwa wamelazwa ubavu. Tuseme kaka wa shati la kijani ameamua kumchoma angali kifudifudi. Ametoa moja ya Shock, kinga imedai, akalipa mbili. Shock bado iko njiani, haijatua. Mimi nina ardhi mbili zilizosimama. Nalipa, nageuza. Mtembeza mbwa atakufa, hapo sina ujanja. Uimara mmoja haustahimili madhara mawili. Lakini mbwa wamebaki kwangu. Kaka ametumia mzunguko wake mzima kumuua mtu mmoja, na nyumbani kwangu sasa kuna wawili.

Hapo tumejifunza kitu kuhusu kusoma meza. Msiitazame kadi iliyofunikwa, haisemi kitu. Tazameni ardhi zilizosimama za mwenye kadi: ni ngapi, na za rangi gani. Mtu aliyelaza ardhi zote ili kucheza jambo jingine hawezi kufunua mzunguko huo, hata akikunja uso namna gani. Mtu aliyeacha tano zimesimama na hachezi chochote, huyo mwogopeni. Katika toleo la Khans of Tarkir, 2014, morph iliporudi, watungaji walijiwekea mpaka: chini ya mana tano, kiumbe asifunuliwe akamuua mwenzake wa kifudifudi na yeye akabaki hai. Ndiyo maana mizunguko ya mwanzo watu walikuwa wanapigana bila kuogopa sana, na wakifika ardhi ya tano kila mtu anaanza kuhesabu vidole.

Ninalo lalamiko, na nitalisema. Karlov Manor ina ndugu wa ushungi, anaitwa cloak, nitamwita joho. Katika ushungi mimi nimechagua kadi. Katika joho, kadi nyingine inanitaka nichukue, kwa mfano, ya juu ya rundo langu niilaze kifudifudi. Naye ni mbili kwa mbili mwenye kinga ya mbili. Lakini chini ya joho inaweza kuwa ardhi tupu, na ardhi haifunuki kwa kulipia. Sasa mezani kuna viumbe watatu, migongo sawa, hadithi tofauti. Ukichanganya na morph wa zamani asiye na kinga, lazima ukumbuke yupi ni yupi. Mimi nimeshawahi kumlenga kwa hofu yule asiye na kinga, nikabakiza mana mbili za kulipia kinga nisizozihitaji, na nikashindwa kwa mana hizo hizo mbili. Kosa langu, lakini mchezo wenyewe haukunisaidia. Wekeni sarafu au punje ya mahindi juu ya kila kadi, mjue iliyokuja kwanza na iliyokuja vipi. Kanuni zinadai mtofautishe. Kuzichanganya kwa makusudi ili mwenzako apotee ni wizi.

Jambo la mwisho, halafu twende mezani. Kila kadi ya kifudifudi inayotoka uwanjani inaonyeshwa. Na mchezo ukiisha, zote zilizobaki zinafunuliwa, hata kama umeshinda, hata kama mwenzako ameshaanza kuchanga kadi zake. Bila hivyo ningelaza ardhi kifudifudi kwa mana tatu nikakutisha nayo jioni nzima. Yule bwana wa wiki jana aliyekusanya kadi zake haraka huku akicheka, yupo hapa leo, ataanza meza ya kwanza na mimi. Bwana, kadi zako ukimaliza usizikusanye. Zigeuze kwanza.