Chupa Moja ya Maji, Digrii Sita: Kuchagua Shahada ya Mazingira na Sayansi za Viumbe

Wazazi na walimu wetu, shikamooni. Vijana mliomaliza kidato cha sita, poleni na kusubiri matokeo. Tumeombwa tuzungumzie shahada za mazingira na sayansi za viumbe hai. Wengi humu mna kombi za PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), wachache CBA (yenye Kilimo) na CBN (yenye Lishe), na wapo wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) waliokaa kule nyuma wakidhani mada hii haiwahusu. Sogeeni mbele, inawahusu.

Tuanze na maji. Mto Msimbazi unatoka upande wa vilima vya Pugu, unakatiza Dar es Salaam, unabeba majitaka ya nyumba, gereji na viwanda, unapita Jangwani, kisha unamwagika Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Tuseme watu sita wenye digrii tofauti wamepelekwa kwenye ukingo wa mto huo asubuhi moja. Kila mmoja atafanya kitu kingine kabisa.

Wa kemia anajaza chupa ya plastiki na kudondoshea asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Asipofanya hivyo, risasi na madini mengine mazito yatang'ang'ania kuta za chupa, na mashine ya maabara itaonyesha maji safi kuliko yalivyo. Wa maikrobiolojia haruhusiwi kugusa chupa hiyo yenye asidi. Yeye ana chupa iliyotakaswa kwa joto na sanduku la barafu, na anakimbizana na saa, maana sampuli inatakiwa ifike maabara ikiwezekana ndani ya saa 6, la sivyo bakteria watakuwa wamekufa au wameongezeka njiani. Akifika anapunguza ukali wa maji kwa kuyachanganya na maji safi yaliyotakaswa, anayachuja kwenye utando wenye vitundu vya maikromita 0.45, anauweka utando huo kwenye chakula cha bakteria kwa nyuzi joto 44 hivi, na baada ya saa 24 anahesabu vidoa. Kila kidoa ni ukoo wa bakteria mmoja.

Wa ikolojia habebi maji kabisa. Anaingia mtoni na buti na wavu, anachokonoa mchanga na mawe kwa mguu, kisha anakinga kinachoelea. Akikuta mabuu mekundu ya jamii ya visubi na minyoo peke yake, ameshajua kwamba mto huo umekosa oksijeni kwa muda mrefu, hata kama maji ya leo yanaonekana meupe. Mhandisi wa mazingira anataka namba iitwayo BOD: chupa ya mililita 300 inafungwa bila hewa, inakaa gizani siku 5 kwa nyuzi 20, halafu inapimwa oksijeni iliyoliwa. Kanuni zetu zinataka maji yanayomwagwa na kiwanda yasizidi miligramu 30 kwa lita. Akiona 300, kazi yake ndiyo kwanza inaanza: bwawa la kuchakata majitaka liwe na kina gani, maji yakae humo siku ngapi, bomba liwe la kipenyo gani.

Wa sayansi na usimamizi wa mazingira anaweza asishike chupa siku nzima. Anauliza cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira kilichotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, anasoma masharti yaliyoandikwa humo, anahoji wakazi, anaandika ripoti ambayo wakili wa kiwanda hataweza kuichanachana. Na wa afya ya mazingira anaangalia visima na vyoo vya mtaa, kwa sababu mvua zikija kipindupindu kitaanzia hapo.

Kwa hiyo swali la "unapenda mazingira?" halitusaidii sana. Nani hapendi mazingira. Jiulize ni ipi kati ya kazi hizo sita unaweza kuifanya Jumanne ya kawaida, mwaka wa nane kazini, bila mtu kukusimamia. Anayechukia kurudia jambo lilelile mara 40 kwa usahihi uleule atateseka maabara. Asiyependa kuandika kurasa 60 na kukaa vikao asiende usimamizi.

Sasa majina, na hapa ndipo vijana wengi wanapotea. Chuo Kikuu Ardhi kina Uhandisi wa Mazingira, na kina pia Sayansi na Usimamizi wa Mazingira. Majina yanakaribiana, jengo linaweza kuwa moja, lakini ya kwanza ni miaka 4 na inadai hisabati na fizikia. Ya pili ni miaka 3. Muhimbili wana Sayansi ya Afya ya Mazingira, ambayo ni taaluma ya afya. SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, wana Sayansi na Usimamizi wa Mazingira, na wana Misitu, Wanyamapori, Bioteknolojia na Sayansi za Maabara, Ufugaji wa Viumbe Maji, na Tiba ya Wanyama ya miaka 5. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana Maikrobiolojia, Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia, na sayansi za maji na uvuvi, pamoja na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Mtu wa PCM, umeona ulipo mlango wako: uhandisi.

Njooni kwenye pointi, maana huku wazazi wengi wanadanganyika. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Kima cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni prinsipali mbili zenye jumla ya pointi 4. Prinsipali inaanzia E. S si prinsipali. Lakini pointi hizo zinahesabiwa kwenye masomo ambayo programu yenyewe imeyataja, si kwenye masomo yote matatu uliyofanya. Chukua kijana wa CBG mwenye A ya Jiografia, E ya Kemia na E ya Biolojia. Jumla yake nyumbani ni 7, na baba ameshachinja kuku. Akiomba programu inayotaka Kemia na Biolojia, chuo kinamwona ana 2. Akiomba inayokubali Jiografia na Biolojia, ana 6 na yumo kwenye mashindano. Karatasi ya matokeo ni ileile.

Tumesema mashindano kwa makusudi. Kima cha chini kinakuruhusu kuomba tu. Nafasi zikiwa 60 na wenye sifa wakiwa 400, wanachukuliwa wa juu. Mwongozo wa Udahili wa TCU, unaotoka kila mwaka na kupatikana bure kwenye tovuti yao, unaonyesha kwa kila programu masomo yanayotakiwa, muda na idadi ya nafasi. Soma safu ya masharti mpaka nukta ya mwisho. Mara nyingi sentensi inayokuondoa iko mwishoni: "awe na angalau S ya hisabati kidato cha sita au C ya hisabati kidato cha nne". Hapo ndipo BAM, ile hisabati ya ziada ya kidato cha sita mliyoidharau, inaokoa au inaua.

Na kwa kozi nyingi za afya, mtu wa CBG asijipe moyo. Huko vyuo vinataka prinsipali tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, na kukosa Fizikia hakufidiwi na A ya kitu kingine.

Baada ya kuingia kuna mlango wa pili, wa kutokea, na huu hauandikwi kwenye vipeperushi vya vyuo. Baadhi ya kazi zimefungwa na mabaraza. Mhandisi wa mazingira anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, anaanza kama mhandisi mhitimu, kisha anapita mafunzo ya kazini, ambayo kwa kawaida ni miaka 3, kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Daktari wa mifugo ana Baraza la Veterinari. Maabara za hospitali zina Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililoundwa kwa sheria ya 2007. Hapa kuna kilio kila mwaka: kijana anasoma Maikrobiolojia ya jumla, anajua bakteria kuliko watu wengi, kisha anaomba kazi maabara ya hospitali na kuambiwa digrii yake haisajiliki huko. Hajasoma vibaya. Amesoma sayansi nyingine. Maikrobiolojia yake inakaa vizuri kwenye viwanda vya vyakula na vinywaji, mamlaka za maji, maabara za utafiti na za ubora. Kama moyo wako uko hospitali, chagua Sayansi ya Maabara za Tiba tangu mwanzo.

Njia rahisi ya kuuona mlango huo mapema ni kusoma matangazo ya kazi kabla ya kuomba chuo. Ingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta matangazo ya Afisa Mazingira Daraja la II, Afisa Uvuvi, Afisa Misitu, Afisa Afya Mazingira, na unakili neno kwa neno digrii zinazotajwa. Matangazo 20 yanatosha. Utaona kwamba Afisa Misitu anatakiwa awe na shahada ya misitu, basi. Afisa Mazingira orodha yake ni ndefu, na urefu huo una maana mbili: wewe unaingia, na wengine wengi nao wanaingia. Sisi tunaamini Misitu na Uvuvi zinadharauliwa bure na vijana wa mjini. Jina halivutii, lakini lina mwajiri anayelitafuta kwa jina.

Wanyamapori tuiseme kwa kifupi kwa sababu inapendwa mno. TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mamlaka ya wanyamapori), Ngorongoro na TFS (wakala wa misitu) ziko chini ya mfumo wa Jeshi la Uhifadhi. Kuna sare, kuna mafunzo ya kijeshi, kuna kupangiwa kituo ambacho hakina mtandao wa simu. Anayewaza kupiga picha za simba kutoka kwenye gari apunguze matarajio.

Ukishapata programu mbili tatu zinazokufaa, zilinganishe kwa ndani. Kwa mfumo wa TCU shahada ya miaka 3 ina angalau krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maabara, na kujisomea. Pakua prospektasi ya chuo, fungua ukurasa wa programu, hesabu ni krediti ngapi ziko kwenye masomo yenye vitendo. Bioteknolojia yenye saa chache za maabara ni historia ya bioteknolojia. Ukifika chuoni siku ya maonyesho usiulize "mna maabara?", kila chuo kitasema ipo. Uliza: mwaka wa pili, wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja ya PCR, ile ya kunakili DNA, kwa kipindi kimoja? Kemikali zikiisha katikati ya muhula inakuwaje? Mwulize hayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si mtu wa meza ya udahili.

Angalia pia kama yapo haya matatu: takwimu, ramani za kompyuta yaani GIS, na mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho. Wapo wanaokimbilia biolojia ili kuikwepa hesabu, halafu wanakutana na biostatistiki mwaka wa pili na kubeba somo hilo hadi mwisho. Programu ya R na QGIS zote ni za bure, na laptop ya kawaida inaziendesha. Kijana anayejua kuchora ramani ya mikoko ya Rufiji kutoka picha za setilaiti ataitwa kazini kabla ya mwenye GPA kubwa asiyejua kufungua faili.

Mafunzo kwa vitendo, ile mnayoiita fildi, mara nyingi ni wiki 8 kwa mwaka. Barua ya kuomba nafasi iandikwe miezi mitatu kabla, kwa sababu TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), ofisi za mabonde ya maji na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupokea maombi mengi kuliko nafasi. Anayechelewa anaishia ofisi iliyo karibu na kwa shangazi, anapanga mafaili wiki 8, na logibuku anaijaza kwa kubuni.

Mambo ya kuomba sasa. Unaomba moja kwa moja kwenye chuo, kupitia mfumo wa chuo hicho, ndani ya dirisha lililotangazwa na TCU. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu. Kila mwaka kuna waliosajili kwa namba ya mwenye stationery, na namba ya siri inaenda kwa mwenye stationery. Tumia namba yako. Kwa mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa kule. Anza uhakiki leo, usisubiri dirisha lifunguliwe, kwa maana jina lililokosewa herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne linachukua wiki kurekebishwa.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: aliyepata S mbili na E moja afanye nini? Ana prinsipali moja, kwa hiyo haingii shahada kwa njia hii mwaka huu. Njia yake ni stashahada kwenye chuo kinachotambuliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, katika fani ileile anayotaka kuendelea nayo, kisha kuomba shahada kwa sifa linganishi. TCU inataka wastani usiopungua GPA 3.0 kwa stashahada ya kawaida. Achague fani kwa uangalifu uleule, kwani stashahada ya wanyamapori haitampeleka kwenye uhandisi.

Tutakaa meza ile ya dirishani mpaka saa nane. Mwenye matokeo ya majaribio aje nayo, pamoja na Mwongozo kwenye simu, tuhesabu pointi zake somo kwa somo.